Kitindamimba Hajaacha Kunyonya

Nyumbani kwetu Tabata tuna watoto wanne. Watatu walizaliwa kwa uchungu wa mama yao. Wa nne alishushwa melini bandarini Dar es Salaam akitokea Japani, tayari mtu mzima, na mikwaruzo yake ubavuni. Huyo ni Toyota IST ya mwaka 2003, rangi ya fedha. Jina la Kitindamimba amepewa na mke wangu, kwa hoja ambayo sijaipatia jibu mpaka leo: wenzake wote wameacha kunyonya, yeye bado. Ndugu msomaji, kama una familia na una gari la umri huo, sina haja ya kukueleza sana. Vuta kiti tupeane pole.

Kwanza uwajue wenye nyumba. Mke wangu, Mama Salma, namwita Mkaguzi Mkuu, ingawa jina hilo silitaji akiwa ameshika mwiko. Ana kaunta buku lenye jalada gumu, na humo Kitindamimba ana kurasa zake: tarehe, kilichoharibika, kilichonunuliwa, duka, bei, fundi aliyefunga. Ukimwambia breki pedi zimekwisha, haulizi bei. Anafungua buku, anashusha kidole, kisha anakwambia zilifungwa lini na maneno gani ulisema siku ile kuhusu zitakavyodumu.

Mama yangu mzazi anaishi nasi, na wajukuu wamembatiza Bibi Stoo. Mbele yake hakitupwi kitu. Chini ya kitanda chake kuna sufuria zisizo na vishikio, kandili iliyopasuka, vifuniko vya ndoo ambazo hatunazo tena, na ukoo mzima wa spea za Kitindamimba zilizostaafu, kila moja na boksi lililokuja na mwenzake mpya. Fundi akibadilisha chochote, Bibi humtuma mjukuu akadai kilichotolewa. "Kimelipiwa hicho," husema. Niliwahi kumwomba tupunguze ile mizigo ya chini ya kitanda, akaniuliza kama na yeye yumo kwenye mizigo ya kupunguzwa. Mazungumzo yakaishia hapo, na sijayafungua tena.

Mtoto wetu wa pili yuko kidato cha pili, tunamwita Profesa. Mdogo wake ni Mwanasheria, kwa sababu hapokei amri bila kuuliza kifungu. Salma mwenyewe yuko bweni, ana bahati yake.

Halafu yupo Shemeji Dili, mdogo wake Mama Salma. Katika maisha yake hajawahi kununua kitu dukani kama watu wengine. Yeye hupata dili. Ndiye aliyetuletea jenereta la dili ambalo halikuwa na kamba ya kuwashia, na pazia la dili ambalo lilikuwa zuri kweli, ila lilikuwa moja na sebule yetu ina madirisha mawili. Nampenda yule kijana. Usiku ambao Profesa alizidiwa na malaria, ni yeye aliyetokea na bodaboda kabla hata sijapata viatu vyangu. Lakini mtu anaweza kuwa na moyo wa dhahabu na asifae kutumwa spea.

Basi, Kitindamimba akaanza kusumbua pande mbili kwa mpigo. Asubuhi ukimwasha anatetemeka na kumisi, ukikanyaga mafuta anakohoa. Na ukipita kwenye tuta au shimo, mbele kushoto kunalia ko-ko-ko. Mashimo ya mtaani kwetu tunayajua kwa majina, kwa hiyo ile ko-ko-ko tuliisikia mara nyingi kabla hatujafika barabara ya lami. Nikasema tuite fundi. Nilisema hivyo mezani, mbele ya mashahidi, na Mkaguzi Mkuu akakubali. Hatukujua kwamba Bibi Stoo, chumbani kwake, alikuwa tayari ameshampigia Shemeji Dili.

Shemeji alipima ugonjwa kwa simu. Bibi alimwelezea mlio, akauigiza na kwa mdomo, na kijana akatoa hukumu: kumisi ni taimingi belti, mlio ni shokapu za mbele zimekufa. Bibi akafungua fundo la kanga, akamtumia hela. Hela ya fundo la kanga, msomaji, haina mjadala katika nyumba yoyote ninayoijua. Imetoka kwa mama, imetoka kwa mapenzi, na mtu akiihoji anaonekana hana shukrani. Kesho yake Shemeji akashuka getini na mfuko mzito: shokapu mbili za mtumba kutoka Ilala na belti mpya kabisa ndani ya boksi linalong'aa. "Shem, hapa nimekuokolea nusu ya bei," akaniambia, jasho likimtoka.

Fundi wetu ni mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Sisi tunamwita Fundi Kobe, na nasema kwa heshima zote kwamba ule upole wake umetuokolea hela kuliko dili zote za ukoo. Hafungui nati mpaka aone sababu. Alifungua boneti, akaitazama ile belti, akaitazama injini, akaitazama tena belti.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Kitindamimba," akasema Shemeji.

"Injini hii ni 1NZ. Haina taimingi belti. Ina cheni, iko ndani, inaogelea kwenye oili. Hii uliyoleta ni ya 5A, zile Corolla za zamani."

Kimya. Kisha Mwanasheria, ambaye hakuna aliyemkaribisha gereji, akauliza: "Kwa hiyo Mjomba kanunua kiungo cha mtoto wa watu?"

Nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma, na si kwa ajili ya belti ile tu. Watu wengi mjini hapa wana magari kama letu, na hela ya spea hutoka mfuko uleule wa ada na unga. Inapotea wapi? Mimi nimeshalitazama buku la mke wangu la miaka yote, na najibu bila kusita: inapotea kwenye kukisia. Gari linamisi, mtu anabadilisha plagi. Bado, anabadilisha koili zote nne. Bado, anasafisha nozeli. Mwishoni anaambiwa anunue injini. Kila duka alilopitia lilimuuzia kitu kizuri kwa bei nzuri, na hakuna hata kimoja alichokuwa anakihitaji. Bei nafuu ya kitu usichokihitaji bado ni hasara yote kamili.

Fundi Kobe hakukisia. Aliwasha gari, akaanza kuchomoa soketi za koili, moja moja, injini ikiwa inaunguruma. Injini hii kila silinda ina koili yake. Akichomoa ya kwanza, gari linazidi kutetemeka, anairudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu alipoichomoa, hakuna kilichobadilika, kwa sababu ile silinda ilikuwa imeshakufa tangu mwanzo. Mtu mwingine angeishia hapo aseme plagi. Yeye akaihamisha koili ya tatu akaiweka kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka ya tatu. Akajaribu tena: sasa iliyokufa ni ya kwanza. Ugonjwa umeifuata koili. Katika gari zima, kilichoharibika upande wa injini ni koili moja.

Mlio nao ukapimwa. Kwanza alikandamiza pembe ya mbele kwa uzito wake wote akaiachia. Gari likapanda mara moja likatulia. Shokapu nzima ingali hai. Akalinyanyua kwa jeki, akatoa tairi, akashika ile fimbo nyembamba inayounganisha stabilaiza na shokapu, akaitikisa. Ko-ko-ko. Stabilaiza linki, kifaa kidogo ambacho bei yake ukiilinganisha na ya shokapu mpya mbili unaweza kulia kwa furaha. Zile shokapu za Shemeji akazitazama pia: moja ilikuwa na oili imetambaa kwenye shafti yake. Shokapu inayovuja ni maiti. "Mtumba nunua kioo, taa, mlango, swichi, hata gia boksi ukipata dhamana," akasema. "Kitu cha mpira, kitu cha breki na kitu kinachochoka kwa kupigwa na barabara, nunua kipya." Mkaguzi Mkuu aliyaandika maneno hayo kwenye buku. Nilimwona.

Sasa linki ya kushoto ilihitaji sampo, maana iliyokuwa kwenye gari ilikuwa imeliwa na kutu mpaka maandishi hayasomeki. Hapo ndipo mama yangu alipoinuka kitandani kwake kama jaji. Akainama, akavuta mfuko mmoja, akatoa boksi tupu la linki ya kulia tuliyobadilisha zamani, na juu yake namba yote imechapwa: inaanza na 48820. Akaliweka mezani, akaketi. Hakusema neno, na sebule nzima ikamwamkia upya. Tangu siku hiyo suala la kupunguza mizigo chini ya kitanda limekufa na kuzikwa, na mimi ndiye niliyechimba kaburi.

Profesa akaichukua namba ile akatusomesha sote wakati wa chakula. Toyota namba ya spea ina sehemu mbili za tarakimu tano tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 48820 ni linki ya mbele, 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya kushoto, 04465 ni breki pedi za mbele. Sehemu ya pili inasema ni cha gari la ukoo gani. Ikianza na 12 mara nyingi ni Corolla, 60 ni Land Cruiser, na 52 ni ukoo wa Vitz, ambao IST ni ndugu yao. Halafu akatuambia injini yetu ya 1NZ-FE imefungwa pia kwenye Probox, Raum, Corolla NZE na Premio, kwa hiyo kwenda dukani ukasema "nataka koili ya IST" ni kujifungia mlango mwenyewe. Sema 90919-02240, utafunguliwa milango mingi. Bibi Stoo alimsikiliza mjukuu wake machozi yakimlengalenga. Mama yake akamwambia amalize mchicha.

Safari ya Kariakoo ilipangwa bila mimi kuulizwa. Nilikuwa nimeazimia kwenda peke yangu Jumamosi. Nilipotoka na ufunguo nikamkuta Mkaguzi Mkuu ameshakaa kiti cha mbele, buku mapajani, koili iliyokufa ndani ya mfuko, Shemeji Dili kiti cha nyuma ameinamisha kichwa. Nikaendesha.

Kama hujawahi kwenda mtaa wa Gerezani, pale Kariakoo, kutafuta spea, jua kwamba duka halikungoji. Linakuja kukupokea barabarani. Vijana wanakukimbilia wakiuliza, "Gari gani, bosi?" Shemeji alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, dada yake akamfinya. Hamtajii mtu gari. Anatoa karatasi ya namba, anaisoma, ananyamaza. Nimeona mwenyewe jinsi mazungumzo yanavyobadilika. Muuzaji anayejua kazi yake anainua kichwa, anamwita "dada" kwa adabu, na anaacha kueleza hadithi. Asiyejua anasema "hiyo tunayo ila boksi lake limechanika," na sisi tunaendelea na safari.

Alipita maduka kadhaa akiuliza tu, bila kununua, anaandika bei. Jua linapiga, Shemeji anaulizia maji ya dafu, mimi nimebeba mfuko. Alichokuwa anakitafuta alinieleza baadaye, na kina maana. Toyota hatengenezi kila kitu kilichomo kwenye gari lake. Koili ile hutengenezwa na Denso, kampuni iliyokuwa idara ndani ya Toyota mpaka ilipojitenga mwaka 1949. Kwa hiyo koili ileile inaweza kukujia kwenye boksi la Toyota kwa bei ya juu, au kwenye boksi la Denso kwa bei ya chini zaidi, na ndani ni mtoto wa mama mmoja. Ukilipia boksi la gari, umelipia jina. Ila usiponunua kwa macho, unaweza kuuziwa boksi la Denso ambalo Denso hawajawahi kuliona, maana plagi na koili zinaigwa kuliko noti. Hapo ndipo ile koili mfu ilipofanya kazi yake ya mwisho. Aliishika mkono mmoja, mpya mkono mwingine, akazipima uzito. Akalinganisha maandishi, yalivyozama kwenye plastiki, kingo za soketi, rangi ya mpira. Ya duka la kwanza ilikuwa nyepesi na herufi zake zilikuwa zimekaa upande. Akairudisha taratibu, akasema asante, akatoka. Hakugombana na mtu.

Duka alilolikubali lilikuwa na maandishi makubwa ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Mimi nikiyaona maandishi hayo huwa nafunga mdomo. Mke wangu aliyasoma kwa sauti, akasema ni sawa kabisa kwa mali iliyonunuliwa kwa kukisia, ila yeye amekuja na namba na sampo, kwa hiyo waandikiane nyuma ya risiti kwamba ikikataa kukaa au kuwaka ndani ya wiki moja itabadilishwa. Mwenye duka akacheka. Akaandika. Akatoa na risiti ya EFD, namba ya spea ikiwa imeandikwa juu yake, nayo ikaingia kwenye buku. Linki alichukua mbili, kulia na kushoto, za kiwanda cha Kijapani kile chenye alama ya 555, kwa sababu Fundi Kobe alisema ya kulia nayo imeanza kulegea na ufundi wa kufungua pande zote kwa siku moja ni bei moja.

Tukaenda Ilala na zile shokapu. Hela haikurudi, hilo tulilijua. Lakini yule mwenye mitumba alikuwa na kioo cha pembeni cha kulia cha IST, kizima, cha umeme, na Kitindamimba alikuwa ameibiwa chake usiku mmoja nje ya ukumbi wa harusi, tukawa tunaendesha kwa kugeuza shingo. Mkaguzi Mkuu na Shemeji Dili waliingia ndani pamoja. Sijui walisemezana nini na mwenye duka. Nilisikia kicheko, nikasikia Shemeji akiapa, kisha wakatoka na kioo. Hapo kijana alifaa. Katika kubadilishana kitu kwa kitu hana mpinzani, na dada yake alimsifu mpaka nyumbani. Kioo hicho kimechongwa namba zetu za gari kwa herufi ambazo mwizi atazisoma hata gizani.

Fundi Kobe akafunga kila kitu jioni ileile. Kitindamimba akawaka kimya, akapita kwenye mashimo yetu yote bila kutoa sauti. Nikapiga hesabu kichwani: tungenunua koili nne, shokapu mpya mbili na plagi za bure, tumenunua koili moja na linki mbili. Iliyobaki ilinitosha kabisa kuvalisha viti vya gari vitambaa vipya, jambo ninalolitamani tangu alipotapika Mwanasheria njiani kwenda Bagamoyo. Nikalitaja wakati wa chakula cha usiku. Mke wangu akafungua buku, akanionyesha: hela ilikuwa imeshagawanywa kabla hatujatoka Kariakoo. Fungu la kwanza lilirudi kwenye fundo la kanga ya Bibi. La pili ni mchango wa mitihani ya Profesa. La tatu limeandikwa "Salma, godoro." Vitambaa vya viti havikuwemo, na Bibi akaunga mkono.

Belti ya 5A hairudishiki. Iko chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, inangoja ukoo wetu ununue Corolla ya zamani.

Jumapili simu ya Mama Salma ikaita, akaiweka spika kwa kuwa alikuwa anakanda unga. Shemeji Dili alikuwa Buguruni na sauti ya mtu aliyeona malaika. Amepata tairi nne, saizi yetu, kashata zote zimesimama, nyeusi tii, bei ya tairi mbili.

"Angalia ubavuni," akasema Mkaguzi Mkuu bila kuinua kichwa. "Kuna herufi DOT. Fuata mwisho wake, kuna tarakimu nne. Nisomee."

Tukamsikia anahangaika, anapangusa vumbi. "Mbili, tatu, moja, nne."

"Wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2014," akasema Profesa kutoka kwenye kochi.

"Huo mpira umeshakauka, utapasukia watoto wangu barabarani. Ziache hapo hapo."

"Dada, lakini zinang'aa!"

"Wamezipaka dawa. Ziache."

Nilishakunja gazeti, nikidhani kikao kimefungwa. Bibi Stoo akatoka chumbani kwake na fimbo yake, akaisogelea simu akaiinamia.

"Mwanangu, hizo tairi unasema ziko nne?"

"Nne, Mama!"

"Wao wanazisema za barabarani. Mimi nataka za kupandia mchicha pale uani. Waambie bei ya mchicha, si ya gari. Wakikubali, zilete."

"Mama kasema!" Shemeji akapaza sauti, na tukamsikia akimgeukia muuzaji. Nikamtazama Mkaguzi Mkuu. Aliifuta mikono unga, akavuta buku, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake: Bustani.